Kumbukumbu za Mtoto Wako: Kutoka Kadi hadi Tarakilishi

Leo hatuzungumzii ugonjwa wala dawa. Tunazungumzia kumbukumbu, yaani jina la mtoto wako, tarehe aliyozaliwa, uzito wake na chanjo alizopata. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini nesi anaandika sana? Na habari hizo zimefikaje kwenye tarakilishi na simu?

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya 1950 na 1960, daktari Mwingereza aitwaye David Morley alifanya kazi katika kijiji cha Imesi, nchini Nigeria. Aliona watoto wakidhoofika pole pole bila mtu kutambua mapema. Akatengeneza kadi yenye mchoro wa uzito. Mtoto akipimwa, nukta inawekwa. Nukta zikiunganishwa, unaona kama mstari unapanda, umelala au unashuka. Tena akasisitiza kadi hiyo akae nayo mama mwenyewe, isifungiwe kliniki. Kadi za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Ule mchoro wa uzito ulio katika kitabu chako cha Mama na Mtoto ni mjukuu wa kadi ile.

Hata hivyo, kitu kilicho mahali pamoja tu huweza kupotea pamoja na mahali hapo. Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa mwaka wa 2007 na mwanzo wa 2008. Nyumba zilichomwa hapa kwetu, Molo na kwingineko, na maelfu ya watu wakakimbilia kambi kama ile ya Nakuru Showground. Mama anayekimbia usiku hubeba mtoto, habebi kadi. Rejista ya kliniki nayo hubaki rafuni kule alikotoka. Nesi wa kambini akipokea mtoto kama huyo, anaanza upya kabisa: Je, alidungwa chanjo ya surua au bado? Aliyekuwa akimeza dawa za kifua kikuu alikuwa amefika mwezi wa ngapi? Ukikosa jibu la maswali hayo, maisha ya mtu yamo hatarini.

Hata kabla ya misukosuko hiyo, kulikuwa na watu hapa Bonde la Ufa waliokuwa wakitafuta njia nyingine. Mosoriot ni kituo cha afya kilicho katika barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet. Wahudumu wake walikuwa wakiandika habari zile zile katika vitabu mbalimbali, na mgonjwa akingoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wakaanzisha mpango mpya mnamo Februari 2001. Mhudumu alijaza fomu moja tu ya karatasi, kisha habari zikaingizwa katika tarakilishi. Kwa kuwa umeme hupotea, waliweka pia umeme wa akiba.

Katika miezi 6 ya kwanza, ziara 10,000 za wagonjwa 6,190 ziliandikwa. Walipopima muda, waliona kwamba ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22 kuliko zamani. Wewe uliyewahi kukaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa mgongoni unajua maana ya hesabu hiyo.

Wagonjwa wa HIV waliotibiwa katika kliniki za Eldoret walipoongezeka, ilihitajika programu kubwa zaidi. Mwaka wa 2004 kazi ya kutengeneza OpenMRS ilianza, na mwaka wa 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Programu hiyo hutolewa bila malipo na imetumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za HIV nchini mwetu, imejengwa juu yake. Kwa hivyo mama, usidhani kwamba mambo haya yote yaliletwa kutoka ng'ambo yakiwa tayari. Mengine yalikua hapa hapa.

Mwaka wa 2011 Kenya ilieneza nchini kote mfumo uitwao DHIS2, unaotumia intaneti. Huu haubebi jina la mtoto wako. Unabeba jumla ya kila mwezi: ni watoto wangapi walichanjwa, ni akina mama wangapi walijifungulia kituoni. Idadi ya chanjo ya surua ikishuka ghafla mahali fulani, wakubwa wanaweza kuona na kuuliza kwa nini, kabla ya watoto kuanza kuugua. Kisha Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Walipewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za kila boma wanalotembelea.

Huenda unauliza, je, siri yangu itakuwa salama? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 imeongezea ulinzi huo. Una haki ya kuuliza habari zako zinaandikwa kwa ajili gani na ni nani atakayeziona. Uliza bila woga.

Lakini tarakilishi haijui lile ambalo haikuambiwa. Tena, si kila tarakilishi inayoweza kusoma yaliyo katika tarakilishi ya hospitali nyingine, na vipo vituo ambavyo bado hutumia rejista za karatasi. Kwa hivyo fanya haya:

Tumia jina moja la mtoto kila mahali, kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiwa Wanjiru hapa na Mary kule, mashine itahesabu watoto wawili, na kila mmoja atakosa nusu ya chanjo zake.

Ukibadilisha nambari ya simu au ukihama, sema.

Mwombe nesi akusomee alichoandika, hasa tarehe ya kuzaliwa. Kutoka hapo ndipo zinahesabiwa chanjo za surua za miezi 9 na 18.

Kitabu cha Mama na Mtoto kiweke pamoja na kitambulisho chako, ndani ya mfuko usiopenya maji. Nenda nacho kila kliniki, na hata unaposafiri. Ukimwachia nyanya mtoto, mwachie na kitabu.

Nesi hubadilishwa kituo, na mashine huharibika. Wewe ndiwe uliyekuwapo tangu mtoto alipozaliwa. Hadi tukutane tena katika kipindi kijacho, kitunze kitabu, mtunze mtoto. Kwaheri.