Percy na Herufi Zake

Mwaka 1896, daktari Pringle Morgan wa Seaford, Uingereza, alieleza katika British Medical Journal habari za Percy, mvulana wa miaka 14. Hesabu alizimudu, lakini kusoma kulimshinda. Hata jina lake aliliandika "Precy", asione kosa. Mwalimu wake aliamini kwamba lau masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa kinara wa shule.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka kaka yangu. Naye alichanganya herufi za jina lake, na kila siku ya imla alichapwa. Jioni alitusimulia mchezo mzima wa redio bila kuruka tukio. Nami nilimwita mvivu, yapata miaka 100 baada ya Percy.