Mikono ya Madaktari: Habari za Homa ya Uzazi Katika Mji wa Vienna



Katika hesabu za mwaka huu mmeona fedha zilizotumika kununua sabuni, ndoo zenye bomba na dawa ya kupaka mikononi kwa ajili ya wadi ya uzazi. Hesabu hizo ziliposomwa mkutanoni, baadhi ya wazee waliona jambo hilo ni geni. Daktari, walisema, ni mtu aliyesoma. Itakuwaje basi wakulima na wafanya biashara wamnunulie sabuni ili akumbuke kunawa? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa maneno mawili. Tumeona ni afadhali tulijibu kwa habari za kale, kwa maana liliwahi kuulizwa kwa ukali zaidi na madaktari wenyewe, na jibu lake liligharimu roho nyingi.

Vienna ni mji mkuu wa Austria, na katika karne ya 19 hospitali yake kuu ilisifiwa kote Ulaya. Ilikuwa na wadi mbili za uzazi, nazo ziliwapokea hasa wanawake maskini, waliohudumiwa bure ili wanafunzi wapate kujifunzia kwao. Tangu mwanzo wa miaka ya 1840 wadi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wa udaktari, na ya pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wao. Zilipokea wazazi kwa zamu, leo hii, kesho ile, hata mwanamke hakuweza kuchagua. Siku aliyoshikwa na uchungu ndiyo iliyomchagulia.

Mtu angetazamia kwamba penye elimu nyingi ndipo penye usalama. Lakini daftari la hospitali lilionyesha kinyume. Kuanzia mwaka 1841 hata mwisho wa 1846, akina mama 20,042 walijifungua katika wadi ya madaktari, wakafa 1,989, yaani karibu 10 katika kila 100. Katika wadi ya wakunga walijifungua 17,791, wakafa 691, yaani chini ya 4 katika kila 100. Maradhi yaliyowaua wengi wao yalikuwa homa ya uzazi, ile inayomshika mama siku chache baada ya kujifungua, tumbo likavimba na kuuma, na akili ikapotea. Sisi wa ofisi ya chama, ambao kazi yetu ni madaftari, hatukuweza kuzipita tarakimu hizo upesi.

Wanawake wa mji walikuwa wameyajua hayo bila daftari. Waliogundua kwamba wamefika siku ya wadi ya kwanza walipiga magoti wakiomba waruhusiwe kuondoka. Wengine walijifungulia njiani, kisha wakaingia hospitali na mtoto mkononi. Na hao waliozalia barabarani hawakushikwa na homa kama wenzao waliozalia kitandani mbele ya madaktari.

Wakubwa walitoa sababu nyingi. Walisema ni hewa mbaya iliyotanda juu ya mji, kana kwamba hewa hiyo ilijua kutofautisha mlango mmoja na mwingine. Walisema ni msongamano, hali wadi ya wakunga ndiyo iliyosongamana zaidi. Wengine walisema ni hofu, kwa sababu kasisi alipokwenda kumwombea anayekufa alipita kati ya vitanda akitanguliwa na kengele. Kasisi akabadilishiwa njia, kengele ikanyamazishwa, na vifo havikupungua. Mwisho ikaundwa kamati, nayo ikawalaumu wanafunzi, hasa waliotoka nchi za nje, kuwa wana mikono mizito. Idadi ya wanafunzi ilipunguzwa, na wageni karibu wote wakatolewa. Wageni hupata lawama mapema. Jambo hilo si la Vienna peke yake.

Katika wadi hiyo ya kwanza alikuwako daktari msaidizi, Ignaz Semmelweis, mtu wa Hungaria aliyezaliwa Buda mwaka 1818. Hakuwa mkubwa, mkubwa wake alikuwa Profesa Johann Klein. Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alichomwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Jeraha lilikuwa dogo, lakini mtu mzima alikufa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa maiti ya rafiki yake, aliona ndani yake mambo yale yale aliyokuwa akiyaona katika maiti za wazazi.

Hapo ndipo alipofahamu. Madaktari na wanafunzi walianza siku yao katika chumba cha maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima akina mama kwa mikono ile ile. Walinawa, naam, lakini harufu ya maiti ilibaki vidoleni, na kilichobaki vidoleni kilikuwa zaidi ya harufu. Wakunga hawakupasua maiti. Viini vya maradhi vilikuwa havijajulikana bado, naye hakuwa na jina la kukiita kitu hicho ila chembe za maiti. Katikati ya Mei 1847 akaweka bakuli la maji ya dawa ya klorini, akaamuru kwamba asiguse mzazi yeyote ambaye hajanawa humo. Aprili ile walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100; mwezi wa Juni walikufa kiasi cha 2. Mwaka 1848, mwaka wa kwanza uliokamilika chini ya amri hiyo, walijifungua akina mama 3,556 katika wadi ya kwanza, wakafa 45.

Liko jambo moja katika habari hizi ambalo husahauliwa, nasi twaliona kuwa kubwa. Oktoba 1847 alilazwa katika kitanda cha kwanza mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba iliyokuwa ikitoa usaha. Madaktari walikuwa wamenawa kwa klorini mlangoni kama walivyoamriwa. Walakini walipotoka kwake na kwenda kitanda cha pili, cha tatu na kuendelea, walinawa kwa sabuni tu. Wazazi 12 walipimwa kwa zamu hiyo, wakafa 11. Ndipo Semmelweis akajua kwamba mtu aliye hai naye hutoa sumu kama maiti, akaamuru mikono inawiwe kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Mtu angedhani kwamba kwa tarakimu kama hizo angeshukuriwa. Wako walimu wachache wenye sifa waliomwunga mkono, lakini Profesa Klein hakuwa mmoja wao, na mwaka 1849 kazi ya Semmelweis haikuongezwa muda. Wakubwa wengi wa Ulaya hawakutaka kusikia kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwazika wagonjwa wao. Daktari alikuwa bwana mwenye cheo. Kumwambia kwamba ana uchafu wa kuua ilikuwa kumtukana. Wazee wetu wametufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kule Vienna mkuu ndiye asiyesikia la mdogo, na waliovunjika ni wazazi waliokuwa wamelala vitandani.

Haki yatupasa tuseme pia kwamba Semmelweis mwenyewe hakuwa na subira. Alikaa miaka mingi bila kuandika kitabu, na alipokitoa, mwaka 1861, kilikuwa kirefu na kizito. Baadaye aliwaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Lakini kazi yake haikusimama. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, tangu 1851 hata 1857, walikufa kwa homa hiyo 8 tu kati ya wazazi 933. Mwaka 1865 akili yake ilichafuka, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na huko akafa Agosti 13, siku 14 tu baada ya kuingizwa, kwa sumu ya jeraha iliyoingia katika damu, maradhi ya jamaa moja na yale aliyoyapiga vita. Umri wake ulikuwa miaka 47. Mwaka 1867 Joseph Lister wa Uingereza alitangaza namna ya kusafisha vidonda kwa dawa, na mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa akawachorea wakuu wa Paris ubaoni picha ya viini vinavyoleta homa ya uzazi.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya ya kale tu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire siku hizo, wauguzi walipewa sindano 5 kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Mgonjwa alipodungwa, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, akadungwa mwingine. Wauguzi hao hawakukosa huruma; walikosa sindano. Ndipo ukaingia ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280, na katika watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Waliokuja kutibiwa homa nyingine ndio waliorudi nyumbani na mauti.

Mwaka 2020 sote tulishuhudia ndoo za maji na sabuni zikiwekwa mbele ya maduka na vituo vya matatu kwa ajili ya korona. Nyingi zimekwisha kuondolewa. Dukani hilo si jambo kubwa sana, lakini wadini ndoo isiyo na maji ni hatari ile ile ya Vienna. Kwa hiyo mwanachama akimpeleka mkewe au mkaza mwanawe kujifungua, kisha akamwomba daktari au sista kwa heshima anawe kabla ya kumgusa, asihesabiwe kuwa amekosa adabu. Na iwapo hapana maji, na alete habari kwa katibu siku hiyo hiyo, asingoje mkutano.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wametaja nyakati tano za mhudumu kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili, kama kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda chake au vitu vilivyomzunguka. Kuvaa glavu hakuondoi hata wakati mmoja katika hizo.