Umbali wa Tukuyu na Dar es Salaam

Mwanafunzi akipima ramani kwa rula ataona kuwa kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni kilomita 680 hivi kwa mstari ulionyooka. Akifuata barabara ya Uyole, Makambako, Iringa na Morogoro, atapata karibu 900. Vipimo hivyo ni sahihi, lakini havitoshi. Mlima Rungwe haukuhama wala bahari haikusogea. Hata hivyo, umbali kati ya miji hiyo umebadilika mara nyingi katika muda wa miaka zaidi ya 130.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani kutoka Ujerumani walikwenda Rungwe bila kupitia Dar es Salaam, ingawa pwani ilikuwa tayari mikononi mwa Wajerumani. Walishukia Quelimane, Msumbiji, wakapanda mito ya Zambezi na Shire, wakasafiri katika Ziwa Nyasa hadi Karonga, kisha wakapanda milimani. Sababu ilikuwa wazi. Maji hubeba mizigo mizito kuliko bega la mpagazi, na nchi iliyokuwa katikati ilikuwa ya Mkwawa, ambaye mwaka huohuo aliwashinda Wajerumani huko Lugalo.

Wahenga walinena: penye nia pana njia. Historia ya Rungwe yatufundisha pia kwamba penye njia, nia nayo huelekea huko. Katika enzi ya Waingereza, vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Mji wao mkuu kwa sheria ulikuwa Dar es Salaam. Lakini mshahara ulikuwa kusini.

Hata ndege haikuibadili hali hiyo mara moja. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilianza safari za London hadi Cape Town, na Mbeya, jirani ya Tukuyu, ikawa kituo. Ndege hizo zilitoka Nairobi kupitia Dodoma, zikibeba barua na abiria wachache wenye fedha. Mwaka 1937 shirika lilipoanza kutumia ndege za kutua majini, njia ilihamia pwani, na Mbeya ikaachwa. Njia iliyowekwa kwa haja ya mgeni huondoka naye.

Baada ya uhuru, Tanzania na Zambia ziliamua kujijengea njia zao. Barabara kuu ilitiwa lami, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Ndipo ndizi na viazi vya Rungwe vilipopata njia nyepesi ya kufika sokoni pwani.

Mwaka 2012 kiwanja cha ndege cha Songwe kilifunguliwa. Safari ya basi ya kutwa nzima sasa ni ya saa moja na nusu hivi angani. Lakini kiwanja kiko ng'ambo ya pili ya Mbeya. Mtu wa Tukuyu hana budi kuuvuka mji huo kwanza, na nauli ya ndege si ya kila mkulima. Kwa hiyo, walimu, tunapowafundisha vijana kupima umbali, tuwaulize pia: njia hii ilijengwa na nani, kwa haja ya nani, na nani awezaye kuipita?