Thelonious Monk: miaka 6 bila karte

Bandugu, sisi wenye kusoma tunajua uzito wa karatasi. Unaweza kuwa na kazi mu mikono, lakini kama muhuri inakosa, mlango haufunguki. Mpiga piano mumoja wa New York alipoteza karatasi ya vile juu alikataa kuuzisha rafiki yake.

Thelonious Monk alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1917 ku Rocky Mount, jimbo la North Carolina, Marekani. Mu 1922 mama yake alihamia New York na watoto. Mwanzo wa miaka ya 1940 Monk njo alikuwa mpiga piano wa Minton's Playhouse, nganda ya Harlem, fasi vijana kama Dizzy Gillespie walikuwa wanakutana usiku kutafuta jazz mpya, ile iliitwa bebop. Yeye alikuwa anapiga noti kidogo na kuacha kimya kati yake. Wengi walisema hajui piano.

Agosti 1951, polisi ilimukuta ndani ya motokari pamoja na Bud Powell, mpiga piano mwenzake. Heroini ilipatikana mule. Monk alikataa kusema neno lolote juu ya Powell. Alifungwa siku 60. Mtoto wake wa kwanza alikuwa hajatimiza miaka 2.

Buloko iliisha, azabu ikabakia. Tangu 1940, kila mtu wa kazi ya nganda za usiku za New York alipashwa kuwa na karte ya kabare, yenye kutolewa na polisi. Bila ile karte, hapana kupiga fasi wanauzisha pombe, na jazz ilikuwa inakula mule mule. Billie Holiday alikuwa amepoteza yake tangu 1947. Sasa ikawa zamu ya Monk.

Bibi yake Nellie akafanya kazi ya mushahara. Monk akatunga, akarekodi, akaenda kupiga ku Paris mu 1954. Mwaka uliofuata kampuni ya Riverside ilimuchukua kwa kulipa deni lake la dola 108 hivi ku kampuni ya zamani. Mu 1956 walirekodi *Brilliant Corners*. Wimbo wenye jina lile ulikuwa nguvu sana: walijaribu mara 25, hakuna hata mara moja ulikamilika, ikabidi kuunganisha vipande.

Mu 1957 karte ilirudi. Monk aliingia ku Five Spot na John Coltrane, na watu walijaa kila usiku. Mu 1964 picha yake ilitoka ku ukurasa wa kwanza wa gazeti *Time*. Yeye ni yule yule, na piano ni ile ile.

Tusiseme shida ilimusaidia. Miaka 33 mpaka 39 ni nguvu ya mtu, na ile miaka hakuna mwenye kumurudishia. New York yenyewe iliondoa zile karte mu 1967. Monk alikufa tarehe 17 Februari 1982.

Na Powell? Mu 1961, akiwa Paris, alirekodi disiki yenye nyimbo za Monk ndani. Ilitoka na jina la *A Portrait of Thelonious*: sura ya Thelonious. Karte iliisha, urafiki ukabakia.