Amplifaya iliyounguza spika mbili

Haya wadau, leo naweka siasa pembeni niongelee amplifaya. Usicheke, kuna somo humu.

Rafiki yangu anapiga gitaa la besi. Siku mbili kabla ya shoo ya harusi, amplifaya yake ya transista ikakata fyuzi. Fundi wa mtaani akaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Ikawaka, ikanguruma, moshi ukatoka kwenye spika. Jamaa akanunua spika nyingine. Nayo ikaungua palepale! Hela ya harusi ikaisha kabla hajalipwa.

Kwa nini? Jibu lake liko kwenye historia.

Leo Fender alipoingiza sokoni besi yake ya Precision mwaka 1951, amplifaya zilikuwa za valvu. Valvu hutumia volti nyingi na mkondo mdogo, wakati spika inataka kinyume chake. Ndiyo maana katikati pakawekwa transfoma. Ni kitu kizito na cha gharama, lakini kilikuwa pia mlinzi, maana transfoma haipitishi umeme wa DC, yaani ule kama wa betri. Valvu ikifa, mara nyingi spika inasalimika.

Transista ilizaliwa Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain. Wao na William Shockley wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 1956. Miaka ya 1960 watengenezaji wa amplifaya wakaikimbilia: nyepesi, haichelewi kuwaka, haina valvu za kubadilisha. Fender, iliyokuwa imenunuliwa na CBS mwaka 1965, ikatoa za kwake mwaka 1966. Zikapata sifa mbaya ya kuharibika na hazikudumu sokoni.

Wapiga besi ndio walioiokoa. Besi inataka nguvu nyingi na sauti safi, na hapo transista inaweza. Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja Acoustic 360 ya wati 200, ambayo baadaye Jaco Pastorius aliipenda sana. Walioshikilia valvu walikuwa na Ampeg SVT ya mwaka 1969: wati 300, valvu 14. Kuibeba ngazini si mchezo!

Saketi zikazidi kuboreshwa, mpaka spika ikaunganishwa moja kwa moja na transista. Uzito ukaondoka. Lakini na yule mlinzi naye kaondoka. Transista ya mwisho ikipiga shoti, DC yote inamwagikia spika na koili inaungua. Baadhi ya watengenezaji waliongeza saketi ya kuikata spika hatari ikitokea. Ya rafiki yangu haikuwa nayo.

Tukaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Baada ya shikamoo, akatazama ule waya akatikisa kichwa. "Wanangu, fyuzi haiungui bila sababu."

Akachomoa spika kabisa. Akaunga balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme unaoingia. Balbu ikawaka kwa nguvu bila kufifia: kuna shoti. Akazima, akasubiri kapasita kubwa ziishiwe chaji (hizo zinapiga hata plagi ikiwa imechomolewa), kisha akapima kwa mita. Transista moja ya mwisho ilisoma sifuri. Akabadilisha jozi nzima pamoja na rezista iliyoungua, akarudisha fyuzi ya kipimo sahihi. Safari hii balbu iliwaka mara moja ikafifia. Akapima DC penye soketi ya spika: karibu na sifuri. Hapo ndipo aliporuhusu spika iunganishwe.

Transista ile ilikuwa na bei ndogo sana kuliko spika hata moja.

Sisi tulihangaika na kilichoungua, mzee akatafuta kilichounguza. Mara ngapi tunafanya hivyo hivyo hata kwenye mambo makubwa ya nchi? Naona siasa imerudi tena. Tuonane wiki ijayo.