Mke wa Kaisari Aliyezaliwa na Herufi Iliyofutika

Aprili 2025 ilitimia miaka 15 tangu mtungi wenye sarafu 52,503 za Kirumi uibuliwe shambani karibu na Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza. Karibu zote ni shaba yenye fedha kiduchu. Zilizowasisimua wataalamu ni tano za fedha nzuri, zenye sura ya Carausius, mkuu wa kikosi cha majini aliyeasi mwaka 286 na kujitangazia ukaisari huko Uingereza. Miaka saba baadaye aliuawa na msaidizi wake, Allectus.

Fedha ya Roma ilikuwa imechakachuliwa zamani. Nero aliipunguza kwenye dinari mwaka 64. Caracalla akaleta mwaka 215 sarafu ya taji la miali. Kufikia mwaka 270 hata jina la fedha halikuistahili. Carausius, mwasi, ndiye aliyerudisha dinari safi.

Kuzitambua sarafu za Kirumi, mtu huanza na maandishi yanayozunguka kichwa: IMP ni amiri jeshi, AVG ni cheo cha Augusto. Hufuata taji, la majani au la miali, kisha picha ya upande wa pili na herufi ndogo chini yake. Kazi huonekana nyepesi mpaka herufi moja ikosekane.

Ndivyo alivyozaliwa Oriuna. Sarafu ya fedha ya Carausius iliyookotwa Silchester ilifika mikononi mwa daktari Richard Mead, naye akamtunuku mfalme wa Ufaransa. Juu yake palisomeka ORIVNA AVG. Mwaka 1751 John Kennedy, tabibu na mkusanyaji wa sarafu, alichapisha kitabu akidai huyo ni mungu wa kike aliyemlinda Carausius. La hasha, akajibu William Stukeley, kasisi maarufu kwa utafiti wake wa Stonehenge: ni mkewe! Mwaka 1752 naye alikuwa na kitabu chake, na malumbano yakaendelea kwa miaka. Huku nyuma hakukuwa na mke wala mlinzi. Neno lilikuwa FORTVNA, mungu wa bahati. F ilikuwa imepotea na T ikasomwa kama I. Stukeley ndiye wa kulaumiwa zaidi, maana alimpa kaisari ndoa nzima kwa ushahidi wa sarafu moja.

Wajuzi waliofuata walimcheka, ilhali nao walikuwa na fumbo lao. Chini ya picha za dinari nyingi za Carausius kuna RSR. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kifupi cha cheo cha ofisa wa hazina. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanahistoria Guy de la Bédoyère alionyesha kuwa ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya mshairi Virgil kuhusu kurejea kwa zama za dhahabu. Medali ya Carausius ina INPCDA, na hizo ni za mstari unaofuata katika shairi lilelile. Shairi hilo lilikuwa likisomeshwa shuleni wakati wote huo.

Mtungi wa Frome ulinusurika makisio ya namna hiyo kwa sababu aliyeugundua mtungi aliwaita wanaakiolojia badala ya kuumwaga. Waliutoa tabaka kwa tabaka, wakakuta sarafu nyingi za Carausius, zilizo changa kuliko nyingine, zikiwa chini ya katikati ya mtungi. Kwa hiyo haukuwa kibubu cha kujazwa mwaka hadi mwaka. Inaelekea ulijazwa mara moja. Makumbusho ya Somerset yaliununua kwa pauni 320,250.