Mshahara, Posho na Ujira wa Mhariri

Neno "mhariri" limekwisha kuzoeleka hata hatuulizi tena huyo mhariri hulipwa nini, wala hicho alipwacho chaitwaje. Swali hili si la udadisi mtupu. Mfasiri wa mkataba akiandika "posho" mahali panapostahili "mshahara", amempunguzia mtu haki yake, maana pensheni ya mtumishi wa umma hukokotolewa kwa mshahara, na posho haihesabiwi.

Maneno yenyewe yana historia. Mshahara lina asili ya Kiarabu, na ndani yake limo neno la mwezi: ni malipo yafuatayo mwezi, kazi iwe nyingi au haba. Ujira ni malipo ya kazi iliyotendeka. Posho ilikuwa kipimo cha chakula alichogawiwa mpagazi wa msafara. Maana ya fedha ilikuja baadaye.

Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, chini ya wamisionari wa UMCA. Wamisionari hao hawakuwa na mshahara kwa maana ya kawaida. Misheni iliwapa makazi, chakula na fedha kidogo za matumizi. Kwa hiyo waliolisimamia gazeti hilo waliishi kwa posho, kama wapagazi (ingawa sidhani wangalipenda kuambiwa hivyo). Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga enzi ya Wajerumani, na Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, yalikuwa na hali nyingine. Mshahara ulikuwapo, ila ulikuwa wa ualimu au wa uofisa. Uhariri ulibandikwa juu yake.

Kisa cha Erica Fiah ndicho kinachotufundisha zaidi. Huyu alikuwa mwenye duka, mzaliwa wa Uganda, aliyeanzisha gazeti la Kwetu Dar es Salaam mwaka 1937. Alikuwa mwenye gazeti na mhariri kwa pamoja, hivyo hapakuwa na mwajiri wa kumlipa. Fedha za wasomaji na za matangazo zilipozidi gharama za kuchapa, iliyobaki ilikuwa faida yake; zilipopungua, pengo lilikuwa deni lake. Mfasiri atakayeandika kwamba Fiah "alipata mshahara" kwa kuhariri Kwetu atakuwa amekosea historia, si lugha peke yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, na neno lile la makarani likapata uzito wa siasa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 5 Februari 1970, gazeti la The Standard lilitaifishwa, na wahariri wake wakawa waajiriwa wa chombo cha umma.

Katika uchapishaji wa vitabu kuna neno la nne, mrabaha, ambalo hutumiwa ovyo. Mrabaha ni fungu la mauzo apatalo mwandishi. Mhariri wa vitabu kwa desturi hana fungu hilo: kitabu kikiuzwa nakala elfu au laki, chake ni kile kile.

Ama kuhusu kiasi, amri ya kima cha chini cha mshahara ya Tanzania ya mwaka 2013 iliweka Sh. 150,000 kwa mwezi kwa utangazaji na vyombo vya habari, pamoja na posta na usafirishaji wa vifurushi. Ile ya mwaka 2022 ikapandisha hadi Sh. 225,000. Mhariri na mpeleka barua wamo katika fungu moja! Yaliyo juu ya kima hicho huamuliwa na mkataba, na ndiyo sababu maneno ya mkataba yana thamani ya fedha. Waandishi wa kujitegemea hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na baadhi ya vyumba vya habari huita malipo hayo posho. Huo ni ujira. Kwa mhariri alipwaye kwa kila mswada, napendekeza tuandike "ujira wa uhariri", na posho ibaki kwa nauli, chakula na malazi ya safari.